Bandeji Tano kwenye Mti wa Nsafu

Jirani yangu ameweka nsafu kwenye maji ya moto asubuhi hii, na harufu imeruka ukuta ikaingia hadi jikoni kwangu. Si harufu ya kumpendeza kila mtu. Ina utomvu ndani yake, ina uchachu kidogo, na mgeni anayeisikia mara ya kwanza huuliza kama kuna mtu anachemsha dawa. Lakini nyie mliokulia Kisangani, mliotumwa jioni kununua chikwangue, ule mkate wa muhogo, mkairudisha nyumbani imeng'atwa pembeni, hamhitaji kuelezwa. Mnalijua tunda lenyewe, refu kupita yai la kuku, zambarau iliyokolea likikomaa, na mnajua kwamba dakika chache tu za maji ya moto zinalilainisha hadi unalipaka kwa kidole. Mnajua chumvi yake. Mnajua na ugomvi wa nani amekula nyingi.

Mimi harufu hiyo inanikumbusha kosa langu. Sijalisimulia miaka mingi, si kwa aibu, maana aibu yake iliisha zamani, bali kwa sababu ukilianza lazima ulimalize, na watu siku hizi hawana subira. Leo jirani amenichokoza, basi nitalimaliza.

Nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Mama alikuwa muuguzi kwenye dispensari ndogo kule Tshopo, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia, utoto wangu mwingi niliupitisha kwenye benchi la chumba cha vidonda. Wenzangu walicheza baba na mama; mimi nilifunga bandeji. Nilifunga mguu wa meza, nilifunga mbwa, nilifunga mkono wa mdogo wangu hadi vidole vikawa vya baridi na nikachapwa. Kanuni za kazi ile nilizijua zote, au ndivyo nilivyoamini. Kidonda kinaoshwa kwa maji na sabuni. Bandeji haikai siku nyingi, ikikaa kidonda kinaoza. Na kidonda kilichooza kina funza, weupe, wembamba, wanaochungulia, na hao lazima watolewe wote asibaki hata mmoja. Hilo la mwisho nililiona kwa macho yangu kwenye mguu wa mzee mmoja mvuvi, na nilijivunia sana kwamba sikutapika.

Likizo kubwa ikifika, nilivushwa kwa pirogi kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa Koko. Huyo alikuwa mama yake Papa. Koko alikuwa mwanamke wa maneno machache na sifa haba. Ukimletea ndoo imejaa maji aliangalia kama umemwaga njiani. Lakini nyuma ya nyumba yake, ukingoni kabisa mwa mto, ulisimama mti wa nsafu ambao marehemu mumewe aliuleta ungali mche kutoka Banalia, na mti ule ndio ulioongea badala yake. Nsafu zake hazikuwa chachu hata kidogo. Zilikuwa na nyama nene na mafuta mengi. Msimu ukifika, wanawake waliokuwa hawasalimiani na Koko mwaka mzima walikumbuka kupita kumwuliza hali.

Tatizo lilikuwa mto. Kila mwaka ulikula ukingo kidogo. Jiko la Koko lilikuwa limehamishwa mara mbili, na mizizi ya mti ilining'inia hewani upande wa maji, na shina lilikuwa limeanza kulala. Papa alimsihi mama yake avuke aje aishi nasi Tshopo, tuna nafasi. Koko alikataa. Kupanda mbegu alikwisha kujaribu: mche mmoja ulizaa nsafu za kukunja uso, wa pili ukawa dume, maua kila mwaka na tunda hakuna, na Koko akautumia kuanikia nguo. Mbegu ya nsafu haikuambii itakupa nini. Mti kama ule ulikuwa mmoja tu, na Koko alisema wazi mbele yetu sote.

"Siku muti itaenda na maji, na mi pia naenda. Musinisumbue."

Mimi niliyachukua maneno hayo jinsi yalivyosemwa. Kwangu, mti ukianguka, Koko anakufa jioni ileile. Hakuna aliyenieleza vingine, kwa hiyo nililala na hofu hiyo na kuamka nayo.

Likizo hiyo ninayoisimulia, siku ya kwanza tu nilikimbia nyuma ya nyumba kuusalimu mti, nikaukuta na bandeji tano. Matawi matano yalikuwa yamefungwa kwa plastiki nyeusi, yamevimba katikati, yamekazwa kwa kamba juu na chini. Nilirudi mbio kwa Koko.

"Koko, muti iliumia?"

"Tonton wako njo aliifunga," alisema bila kuinua macho kwenye samaki aliokuwa akiwaparua. "Anasema ataiokoa."

Tonton alikuwa mdogo wake Mama, kijana aliyesomea kilimo, na wakati huo alikuwa kazini kule Banalia. Nilimheshimu kupita kiasi kwa sababu alivaa kalamu mfukoni. Kumbe naye ni mganga, nikawaza. Nikamwuliza Koko zimefungwa lini. Akasema tangu mvua za mwanzo, miezi mitatu imepita. Miezi mitatu, bandeji haijabadilishwa. Nilishtuka kwa niaba ya Mama.

Nilivumilia siku nne. Siku ya tano Koko akaenda sokoni, akaniachia nyumba, na mimi nikachukua beseni, sabuni, na kanga yangu kuukuu niliyoirarua vipande safi kabisa, kama Mama anavyotaka. Shina lilikuwa limelala sana, mtoto yeyote angepanda. Nikafungua bandeji ya kwanza. Ndani mlikuwa na vumbi la mbao lililolowa, linanuka uvundo, na gome la tawi lilikuwa limechunwa duara zima, jeraha la kutisha. Na kutoka kwenye jeraha walikuwa wamechungulia, weupe, wembamba, kwa makumi.

Sikutapika. Nilifanya kazi yangu. Nilisugua kwa sabuni hadi tawi likawa laini, nikakwangua kwa kucha waliobaki, nikafunga kwa kitambaa safi na fundo la kipepeo. Tawi la pili hivyohivyo, la tatu, la nne. Nilizungumza nayo, nikayaambia yavumilie, itauma kidogo tu. La tano lilikuwa mbali, kwenye ncha inayoning'inia juu ya maji, na hapo ujasiri uliniishia. Nilishuka nikiwa na huzuni kwamba nimemwacha mgonjwa mmoja bila matibabu.

Koko aliporudi aliona vitambaa vya kanga, akafikiri ni mambo ya watoto, akapita. Tonton alifika siku iliyofuata kwa pirogi ya asubuhi. Alikwenda nyuma ya nyumba moja kwa moja, na mimi nikamfuata, nikasimama mikono nyuma kama Mama anavyosimama daktari akipita. Alitazama juu muda mrefu.

"Nani alifungua hizi?"

"Ni miye, Tonton. Zilikuwa na funza. Nilitoa bote."

Aliweka mkono kichwani. Kisha akakaa chini pale pale kwenye udongo na suruali yake ya safari.

"Mama yangu," alisema polepole, akiniita jinsi wakubwa wanavyomwita mtoto wakiwa wamechoka, "ile haikukuwa funza. Ile njo ilikuwa mizizi."

Alinieleza yote siku ile, na alinieleza kwa upole, jambo ambalo liliniumiza zaidi. Ukitoa gome la tawi duara zima, ukalizungushia vumbi la mbao lenye maji na kulifunga gizani, tawi linafikiri liko chini ya udongo, linaanza kutoa mizizi yake lenyewe. Miezi minne, mitano, unalikata, unalipanda, na linakua. Wao shuleni waliita marcotte.

"Si mutoto ya ule muti, unasikia? Mutoto anaweza kuwa mubaya. Hii iko muti yenyewe, inahama tu."

Sikujua kwamba Koko alikuwa amesimama kizingitini akisikia. Alituangalia, akaangalia matawi manne yaliyosuguliwa safi, akaingia ndani. Hakunipiga. Siku mbili hakunisemesha, alisukuma sahani yangu mezani na kugeuka. Nilitamani anichape tu yaishe. Nilikuwa nimeua mti wake, kwa hiyo nilikuwa nimemwua yeye, na bado alinipikia.

Tonton alifunga matawi mengine matatu kabla ya kurudi kazini, lakini alimwambia Koko ukweli: mizizi inataka miezi, na ukingo ule haukuwa na miezi. Tumaini lilikuwa lile la tano, ambalo woga wangu ulikuwa umeliokoa. Nani atalimwagia maji kila siku, kwenye ncha ile, lisikauke? Nilitegemea watamtafuta mtu mzima. Koko akanyoosha kidole kwangu, na hayo yakawa maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ile.

"Mwenye aliua ine, njo atachunga moja."

Habari ilishazunguka mtaa. Watoto wa Lubunga wakawa wananiita Docteur, na mama mmoja muuza samaki alinionyesha kidole chake cha mguu akaniuliza kama kinatoka funza au mizizi. Kila asubuhi nilipanda na kitambaa kilicholowa, nikatambaa kwa tumbo hadi kwenye ncha, maji ya kahawia yakipita chini yangu kwa kasi, nikakamua kitambaa kwenye mdomo wa plastiki. Mara ya kwanza nililia njia nzima kwenda na kurudi. Wiki ya pili sikulia. Wiki ya tatu nilikuwa naangalia mto bila kushikilia sana. Kilichonitesa ni kwamba nilikatazwa kufungua. Kulikuwa na kitu ndani au hakukuwa, sikujua, na mkono wangu ulijua fundo lile lilivyo.

Likizo ilikuwa inakaribia kuisha mvua ziliponyesha juu huko, mto ukavimba. Mchana mmoja, tukiwa tumekaa kula, tulisikia ardhi ikishuka. Si kelele kubwa, ni kama mtu ameangusha gunia la mihogo. Tulipofika nyuma, kipande kizima cha ukingo hakikuwepo. Mti ulikuwa umelala karibu sawa na maji, umeshikwa na mizizi ya upande mmoja tu, na tawi langu lilikuwa urefu wa mtu juu ya mto, likitingishika. Kupanda kwenye shina lile sasa kulikuwa ni kujiua.

Bahati Tonton alikuwa amevuka siku ile kuja kuniaga. Alitafuta mvuvi wa kutusogeza chini ya tawi kwa pirogi, na wawili walioombwa walikataa. Mti ukianguka, walisema, unaanguka na sisi. Basi Koko akaenda ndani, akarudi amefunga kanga yake ya kazi, akachukua pirogi ya jirani na kasia lake bila kumwomba ruhusa. Nilikuwa sijawahi kumwona akishika kasia. Alikuwa binti wa wavuvi, alizaliwa kwenye kelele za maporomoko, na mimi sikujua hata hilo.

"Pandeni," alisema.

Nyie, nimeona mengi tangu siku ile, nimezaa, nimezika, lakini picha ninayoibeba ni ile: Koko amesimama nyuma ya pirogi, mguu mmoja mbele, anashindana na mto ule wote kwa kasia moja, na pirogi imetulia chini ya tawi, haisogei. Tonton amesimama katikati na msumeno, jasho na vumbi vinamwingia machoni. Mimi nimekaa mbele, mikono juu, tayari kupokea. Mti ulikuwa unalia kwenye mizizi yake, sauti ya mlango mzee. Msumeno ulikwenda na kurudi, na ghafla tawi likakatika, majani, plastiki na vyote, likaniangukia kifuani nikalikumbatia.

"Shika," alisema Koko, na akatusukuma nje kwa mvuto mmoja.

Katikati ya mto niligeuza lile fundo la plastiki juani. Lilikuwa limekazwa sana hadi limepasuka pembeni, na kwenye mpasuko walikuwepo, weupe, wembamba, wakichungulia. Nilicheka hadi Tonton akaniambia nikae vizuri nisipindue pirogi.

Siku ya pili mti mkubwa uliondoka na maji asubuhi na mapema. Koko alisimama akautazama ukizunguka, mizizi juu, hadi ukapotea kwenye kona ya mto. Mimi nilimshika kanga kwa mikono miwili, nikiwa nimejiandaa kumzuia. Akashusha macho akaniuliza kwa nini ninamvuta. Nikamwambia alisema ataenda nao. Nafikiri ndiyo siku aliyoelewa nilikuwa nimebeba nini likizo nzima.

"Mi ninaenda Tshopo," alisema. "Nani atachunga ule mwenye anachunga tawi?"

Hivyo ndivyo Koko alivyovuka, yeye, magunia yake mawili, na tawi kwenye ndoo. Tulilipanda nyuma ya nyumba yetu, tukalijengea kivuli cha makuti ya michikichi. Baada ya wiki mbili majani yote yakaanguka. Yote. Kilibaki kijiti cha rangi ya majivu, na Papa, ambaye hakuwa na nia mbaya, aliuliza kama anaweza kukitoa ili afungie mbuzi. Koko alimjibu kwamba ajaribu. Yeye mwenyewe hakuamini kitu. Alikuja tu kila jioni na kiti chake, akakaa, akaangalia kama nimemwagia maji, akaondoka. Sikuruhusiwa kusahau hata Jumapili. Siku niliyoona kichipukizi, kidogo kuliko punje ya mchele, chekundu, nilikimbia pekupeku hadi dispensari nikamtoa Mama chumba cha vidonda na glovu zake mikononi.

Kuanzia hapo ulikua kwa kiburi. Mwaka wa pili ulitoa maua, na Tonton akaniambia niyakwanyue yote, mti bado mchanga, ukizaa sasa utachoka. Niliyakwanyua moja moja, na mkono ulikuwa mzito. Docteur anaua tena, walisema watoto wa kwetu, maana jina lilikuwa limevuka mto pamoja nasi. Mwaka wa tatu niliyaacha. Nyuki walikuja, maua yakaanguka, na kwenye kishada kimoja tu yakabaki matunda tisa ya waridi. Mwanzo nilifurahi mapema mno. Nsafu ikibaki ya waridi ni tupu, haina kitu ndani, na yangu yalikaa waridi wiki baada ya wiki. Mawili yakaanguka. Nilikuwa ninaamka na kwenda kuyaangalia kabla ya kunawa uso. Kisha moja likaanza kugeuka mabegani, kama linapata giza kutoka ndani, na lingine, na lingine, hadi yote saba yakawa zambarau, yana unga wake juu, hayajaguswa na ndege wala na mwanadamu.

Nilipanda ngazi nikayachuma mwenyewe. Mama alichemsha maji. Tonton alikuja kutoka kazini kwake, na Papa akakaa, na mdogo wangu tayari alikuwa na chumvi kwenye kiganja. Nikaweka bakuli mbele ya Koko, maana ni yeye peke yake aliyeweza kusema kama ni mti uleule. Sisi tungeona tu kwamba ni tamu. Yeye alikuwa amekula mti ule tangu alipokuwa bibi harusi.

Aliliminya moja kwa kidole gumba. Akatia chumvi. Akang'ata, akafumba macho, na akatafuna polepole. Akalimaliza, akafyonza mbegu, akaiweka kwenye sahani, akachukua la pili.

"Koko," Tonton alishindwa kujizuia, "iko ule muti?"

Koko akatia chumvi. Akala la pili. Akala la tatu. Mdogo wangu alinyoosha mkono, akapigwa vidole bila kutazamwa. La nne, la tano. Machozi yalikuwa yanamteremka Koko hadi kidevuni na yeye hakuyapangusa, alikuwa na kazi. Sote tulimezea mate, na hakuna aliyethubutu. La sita. La saba alilila taratibu kuliko mengine yote, na alipomaliza alilamba kidole gumba, akanigeukia.

"Njo yenyewe," alisema. "Kama ilikuwa muti ingine, ningewabakishia."